Barua kwa Daktari wa Mifugo: Panya wa ghalani na mdomo wa chatu

Mwezi huu barua za ng'ombe na kuku nimeziweka pembeni, wenyewe mnisamehe. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika safu hii nimepata barua nne za nyoka kwa mkupuo, zote kutoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na zote ukizisoma kwa makini zinamzungumzia panya kuliko nyoka. Nimefanya kazi ya udaktari wa mifugo miaka 26, na nyoka waliopita mikononi mwangu hawafiki 40. Katika hao, zaidi ya nusu waliletwa kwa sababu ya kitu walicholishwa. Ndiyo maana nimeona nizijibu pamoja.

*Shikamoo dokta. Mimi ni kijana wa miaka 24, nafanya kazi kwenye bustani ndogo ya nyoka upande wa Mbalizi. Kibali tunacho. Tuna chatu wawili na nyoka wa nyumbani sita. Panya tunanunua kwa vijana wanaowatega kwenye maghala ya mahindi, shilingi 500 mmoja, tunawatupia wakiwa hai. Wiki tatu zilizopita chatu jike hakumgusa panya, tukamwacha naye usiku kucha. Asubuhi tukakuta panya amemng'ata mgongoni na pembeni ya mdomo. Sasa mgongoni ana uvimbe mgumu, mdomo haufungi vizuri na anatoa mate mazito. Tunamchanganyia kapsuli za tetrasaiklini kwenye maji ya kunywa. Hakuna nafuu. Tufanyeje? — Mlezi wa chatu, Mbalizi*

Marahaba mwanangu, na poleni. Nianze na la haraka. Leo hii, hata kabla hujamaliza kusoma, acha hizo kapsuli na upime joto la boksi lake. Chatu wenu anahitaji upande mmoja uwe na nyuzi joto 30 hadi 32, usiku na mchana, na upande wa pili nyuzi 25 hivi ili achague mwenyewe pa kulala. Alfajiri ya Julai huko Mbalizi unaijua wewe kuliko mimi. Joto linashuka chini ya nyuzi 10. Nyoka hana moto wake mwilini. Kinga yake inaamka kadiri anavyopashwa, na ikipoa inalala. Chatu mwenye kidonda akiachwa kwenye baridi, bakteria wanaendelea na kazi yao wakati mwili wake hauna wa kuutetea. Hata dawa iwe nzuri kiasi gani, nyoka aliyepoa haifanyi kazi inavyotakiwa mwilini mwake.

Kisha mpelekeni kwa daktari wa mifugo wiki hii hii. Uvimbe ule hautapasuka wenyewe. Ng'ombe akipata jipu, ukilitoboa usaha unatiririka. Nyoka hayuko hivyo. Mwili wake hauna vimeng'enya vya kuulainisha usaha, kwa hiyo unakauka ndani kwa ndani na kuwa donge. Mwaka 2014 niliwahi kuletewa chatu mwenye uvimbe kama wa kwenu, sawa na limau, ubavuni. Nilipochana ngozi katikati ya mistari ya magamba, halikutoka hata tone. Nilibinya taratibu kwa vidole viwili, likachomoka donge la njano lenye matabaka kama kitunguu, gumu kama kiporo cha ugali kilicholala nje. Katikati yake kulikuwa na unywele mmoja mweusi wa panya. Ule unywele uliingia na jino. Niliuweka kwenye pamba nyeupe, mwenye nyoka akautazama muda mrefu bila kusema neno.

Kwa hiyo donge hilo lazima likatwe na kutolewa lote pamoja na ganda lake, shimo lisafishwe kila siku, na nyoka achomwe dawa inayowafaa bakteria wenyewe. Kwenye vidonda na midomo ya nyoka wagonjwa tunawakuta mara nyingi Pseudomonas, Aeromonas, Proteus na Salmonella. Hawa si bakteria wa kutishwa na tetrasaiklini ya dukani. Na hata kama wangetishika, chatu anakunywa maji kidogo, siku anayotaka yeye, hivyo hakuna ajuaye amemeza kiasi gani. Mnachofanya sasa ni kuwazoesha bakteria dawa. Mwombeni daktari achukue sampuli ya kidonda kwa kijiti cha pamba ipelekwe maabara, dawa ichaguliwe kwa majibu. Wakati wa kusubiri majibu wengi wetu hutumia seftazidimu, ambayo kwa nyoka huchomwa mara moja kila saa 72, kwa sababu mwili wake huitoa dawa polepole sana. Sindano ichomwe nusu ya mbele ya mwili. Damu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza, na dawa nyingine zinaziumiza figo au zinapotelea hapo.

Mdomo nao usiusubirishe. Mate mazito na mdomo usiofunga ni mwanzo wa kuoza mdomo. Mfungue kwa upole, mwanga uwe wa kutosha, uangalie fizi: vidoa vyekundu, utando wa njano kama jibini, au jino linalochezacheza. Changanya ayodini ya vidonda na maji mpaka yawe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi, chovya pamba, pangusa mara mbili kwa siku. Kichwa kielekee chini unapopangusa, maana tundu la kupumulia la nyoka liko sakafuni mwa mdomo, karibu kabisa na ulimi, na tone moja likiingia humo umempa kichomi. Ukimgeuza tumbo ukaona magamba yana wekundu kama damu iliyovilia chini ya ngozi, basi bakteria wameshaingia kwenye damu, na hapo hesabu ni ya saa, usingoje kesho.

Sasa nije kwenye panya mwenyewe. Mwanangu, panya hai usimwache na nyoka. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimezika nyoka wanne walioliwa mgongo na chakula chao, mmoja mpaka uti ulikuwa unaonekana mweupe. Nyoka asipokuwa na njaa hajitetei, anajikunja tu. Panya naye amefungiwa usiku kucha hana nafaka wala maji wala pa kutokea, atatafuna kilichopo. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, ni membamba na yanaingia ndani, na juu kidonda kinaonekana kama tundu la sindano. Muue kwanza, haraka, kwa kumvunja shingo na mtu anayejua, kisha mpe nyoka kwa koleo ndefu. Mtikise kidogo mbele yake. Chatu walio wengi hujifunza ndani ya wiki chache.

Na hao wa ghalani waacheni kabisa. Hujui walichokula jana. Msimu huu kila mwenye mahindi kuanzia Mbozi hadi Mbarali ameweka sumu ya panya, na panya aliyekula sumu huwa mzito wa kukimbia, ndiye anayekamatwa kwa urahisi. Mkojo wake unaweza kuwa na bakteria wa homa ya mgunda (leptospirosisi), ugonjwa ule ule uliotangazwa Lindi mwaka 2022, watu 20 wakaugua na watatu wakafariki. Viroboto wake wanaweza kubeba tauni, iliyowatesa wenzetu wa Lushoto miaka mingi tangu 1980. Na vijana wanaokuuzia kwa shilingi 500 wanawashika kwa mikono mitupu. Waambie na wao, usiwaache hivyo.

Fugeni wa kwenu. Panya weupe kumi, majike nane na madume mawili, kwenye maboksi yenye wavu mwembamba ambao panya wa nje hawezi kupita wala kukojolea ndani. Maranda makavu chini, yabadilishwe mara mbili kwa wiki. Chakula cha kuku cha dukani kinatosha, pamoja na usipa (dagaa wa Ziwa Nyasa) kidogo waliokaushwa vizuri. Utumbo mbichi wa kuku usiwape, maana hiyo ni njia fupi ya kuwapandikizia salmonela. Panya mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuunganishwa na wenzake. Panya mwenye manyoya yaliyosimama, kamasi, macho yenye ukoko au mkia uliochafuka kwa kuhara asiingie kinywani mwa nyoka yeyote.

Mwisho kabisa kwa barua yako: hukuniambia kama wewe umewahi kung'atwa. Naomba unisikilize kama mama yako. Miaka iliyopita kijana aliyekuwa msaidizi wangu aling'atwa kidole gumba alipokuwa anamtoa panya kwenye ndoo. Kidonda kilikauka siku ya tatu, tukasahau. Siku ya nane akaanza kutetemeka, homa kali, kichwa kinapasuka. Alipimwa malaria, hakuna. Akaambiwa ni taifodi, akapewa dawa za taifodi. Siku mbili baadaye vifundo vya miguu vikavimba, akashindwa kushuka kitandani, na vipele vyekundu vikatokea viganjani na kwenye nyayo. Nilipomwona viganja ndipo moyo ulinidunda. Nilimpeleka kwingine, nikamweleza daktari habari ya panya, akaacha kuandika akaniangalia. Alimpa penisilini, na baada ya siku tatu homa ilikuwa imeshuka. Ile inaitwa homa ya kung'atwa na panya, bakteria wake ni Streptobacillus moniliformis, ambaye anaishi kooni mwa panya bila kumdhuru panya. Hatukupata kipimo cha maabara cha kuthibitisha. Daktari aliamua kwa maelezo na dalili. Dalili huanza kwa kawaida siku ya tatu hadi ya kumi, wakati mwingine wiki tatu baadaye, kidonda kimeshapona na hakuna anayekikumbuka. Wasiotibiwa, karibu mmoja katika kumi hufariki. Kwa hiyo wewe na wenzako mkipata homa yoyote, neno la kwanza mkifika dirishani liwe hili: nafanya kazi na panya. Msingoje kuulizwa, kwa sababu hamtaulizwa.

*Kamwene dokta. Naandika kutoka Kihesa, Iringa. Kijana wangu yuko kidato cha tano, na likizo hii amekuja nyumbani na nyoka mdogo wa kahawia wa klabu yao ya baiolojia. Mwalimu wao anasema kibali cha shule kipo na nyoka hana sumu. Shida yangu ni vipanya. Ameviweka kwenye friza yetu ndani ya mfuko wa Rambo, chini ya nyama na samaki, anaviyeyusha kwenye bakuli nililokuwa nakandia unga. Anasema vikigandishwa wadudu wote wanakufa. Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu anaharisha siku ya tatu, jana niliona damu. Je, yaweza kuwa nyoka? — Bibi, Kihesa*

Kamwene mama. Mtoto kwanza. Mtoto wa umri huo akiharisha damu na ana homa, asilale nyumbani usiku wa leo. Mpe maji ya chumvi-sukari ya pakiti kidogo kidogo njiani, na ukifika hospitali useme wazi kwamba nyumbani kuna nyoka na panya wa kugandishwa, ili choo kipimwe. Sitaki kusema kwa mbali ni nini kinamsumbua. Lakini ulichoniandikia kinatosha kunitia wasiwasi.

Kijana wako amekosea jambo moja, na wamekosea wengi kabla yake. Kugandisha hakuui salmonela. Baridi ya friza inawalaza tu; minyoo na viroboto wengi hufa, bakteria wanasubiri. Nchini Marekani mwaka 2010 watu waliugua kwa salmonela iliyofuatiliwa hadi kwenye panya wa kugandishwa wa kulishia nyoka, na panya hao wakaondolewa sokoni. Uingereza, kuanzia 2015, watu zaidi ya 800 waliugua kwa namna hiyo hiyo, wengi wao watoto, na mwanzoni mwa 2022 serikali ikazuia vipanya vilivyokuwa vinatoka Lithuania. Hao wote panya wao walikuwa wagumu kama jiwe la barafu. Nyoka mwenyewe huweza kukaa na salmonela tumboni miaka yote, ana afya, anang'aa, na kila akijisaidia anaimwaga kwenye boksi. Kipanya kinamwongezea nyoka, nyoka anaiacha kwenye maji na maranda, mkono wa kijana unaibeba hadi kwenye kitasa cha mlango, na mtoto anayetambaa anaikuta sakafuni. Mtoto hahitaji kumgusa nyoka.

Na umeme wa kukatika katika unazidisha. Kipanya kikiyeyuka mchana kutwa kisha friza ikawaka tena, kinaganda kikiwa na bakteria mara nyingi zaidi ya asubuhi. Kilichoyeyuka kitupwe shimoni, hata kama kinauma kwa gharama.

Bakuli la unga usilioshe, litupe. Kama ni la plastiki lina mikwaruzo, na humo sabuni haifiki. Friza itolewe kila kitu, ioshwe kwanza kwa sabuni na maji ya moto, ndipo upanguse kwa jiki, sehemu moja kwa kumi ya maji, iachwe dakika kumi. Jiki ikimwagwa juu ya uchafu na damu haina nguvu, ndiyo maana sabuni inatangulia. Nyama iliyokuwa chini ya vipanya, au iliyoguswa na mfuko uliochuruzika, mama yangu, itupe.

Nyoka arudi kwa mwalimu wake kesho. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si mahali pa nyoka wala panya wake, na hapo sina njia ya katikati. Vivyo hivyo kwa mjamzito, mzee wa umri mkubwa, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka. Hili la mwisho nalisema kwa heshima na bila kumnyooshea mtu kidole: Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na kwa mtu ambaye hajaanza dawa au ameziacha, salmonela haiishii tumboni, inaingia kwenye damu. Katika ukoo wa watu kumi wanaokula kwenye sinia moja, huwezi kujua nani yuko katika hali gani, wala hupaswi kumlazimisha aseme. Kinachowezekana ni kumwondoa nyoka jikoni.

Usimgombeze sana kijana. Anampenda mnyama huyo na ana akili ya kuuliza. Angepewa maelezo haya mapema angeyafuata. Mwonyeshe barua hii. Akirudi shule, klabu iwe na kijifriza chake au angalau kopo lenye mfuniko wa kubana lililoandikwa kwa wino mwekundu, beseni lake, koleo lake, na sabuni kwenye bomba la nje. Kipanya kiyeyushwe ndani ya kopo lililofungwa, usiku kucha, mahali pa baridi, kisicheleweshwe juani.

*Habari za kazi daktari. Ni mwalimu, Njombe, na ninamlea chatu mdogo wa mita moja na nusu kwa kibali cha kufundishia. Panya ni wa shida huku, kwa hiyo nampa simbilisi, ambao tunao tele. Mwezi wa saba alimeza simbilisi Jumamosi, Jumatano akamtapika. Alikuwa ameoza nusu, harufu ilijaa nyumba. Nilifikiri labda alikuwa mkubwa mno, nikampa mdogo zaidi siku iliyofuata. Akatapika tena. Wiki hiyo hiyo simbilisi wangu watatu walikufa ghafla jikoni, na yule wa pili niliyempa chatu alikuwa mmoja wao, kwa sababu niliona asiende bure. — Mwalimu, Njombe*

Salama mwalimu. Asante kwa kuandika kila kitu bila kuficha, maana jibu lote limo kwenye barua yako.

Chatu wako alitapika kwa baridi. Chakula cha nyoka hakisagwi na meno. Kinategemea asidi ya tumbo, na asidi hiyo inategemea joto. Kwa nyuzi 30 simbilisi anayeyuka, tumbo linawahi. Kwa nyuzi 18 au chini, tumbo linasimama, lakini bakteria waliokuwa kwenye utumbo wa simbilisi hawasimami. Wanaanza kumwozesha kutoka ndani, gesi inajaa, tumbo la simbilisi linavimba ndani ya tumbo la nyoka. Nyoka akibahatika anatapika. Asipobahatika sumu ya uozo na bakteria vinapenya kwenye ukuta wa utumbo, anakufa amenyooka kama fimbo, tumbo la kijani. Nimepasua mmoja wa hivyo Julai moja, kutoka huko huko kwenu. Mwenyewe alimpenda sana yule nyoka, alimfunika blanketi kila jioni. Blanketi halimpashi nyoka joto, maana hana joto la kutunza; lilimhifadhia baridi.

Kwa hiyo mtu wa Njombe, Makambako au Mafinga asiyeweza kuhakikisha joto usiku, Juni hadi Agosti asilishe. Chatu mzima mwenye afya anakaa wiki nyingi bila kula, akiwa na maji safi, na hapungui cha kutisha. Kama unataka kuendelea kumlisha, tumia ile taa ya kulelea vifaranga, iwe nje ya boksi asije akajikunja juu yake akaungua, na kipimajoto kiwe pale anapolala. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kitenge zitakuvusha saa chache. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa usithubutu, kwa ajili yako na familia kuliko nyoka.

Baada ya kutapika hukupaswa kumlisha kesho yake. Koo na tumbo vimeungua kwa asidi, na bakteria wema wa tumboni wametoka pamoja na chakula. Mwache wiki mbili kamili, maji tu, joto sawasawa. Halafu mpe kitu kidogo, nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika mara ya tatu, usingoje, nenda kwa daktari.

Na simbilisi waliokufa wenyewe. Hapa mwalimu naomba nikuseme kidogo. Mnyama aliyekufa bila kujulikana kafa nini hapewi nyoka, hapewi mbwa, hapewi nguruwe. Simbilisi ni wepesi sana wa kufa kwa salmonela. Mmoja leo, watatu kesho, wakati mwingine bila hata kuhara. Nasi huku tunawafuga jikoni chini ya meza, wanakula maganda tuliyoyamenya, wanakojoa karibu na mafiga. Waliobaki watenge nje, choma maranda yao, sakafu ioshwe kwa sabuni kisha jiki, na asitoke hata mmoja kwenda kwa chatu au kwenye chungu kwa mwezi mzima. Kama mwingine atakufa, mfunge kwenye mifuko miwili na umpeleke kwa ofisa mifugo wa wilaya apasuliwe. Anafanya hivyo kwa kuku, atafanya na kwa simbilisi.

Kuhusu kibali, kwa kuwa wengine watasoma na kutamani: nyoka wa porini ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Ulizeni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla ya kumshika, sio baada.

*Dokta, kwa nini tusichemshe panya tu, tukammaliza na mambo ya bakteria? Au kwenye maikrowevu? — Msomaji, Tukuyu*

Joto la kuchemsha linaua salmonela, hilo ni kweli. Lakini panya aliyechemshwa ananyong'onyea, ngozi inachanika, harufu inabadilika, na nyoka wengi hawatamgusa. Maikrowevu ni mbaya zaidi: inapasha vipande vipande, katikati ya tumbo kunabaki vuguvugu, mahali ambapo bakteria wanapenda, na wakati mwingine panya anapasuka ndani ya chombo unachopashia wali wa watoto. Mwache ayeyuke kwenye kopo lililofungwa. Nyoka akiwa tayari kula, mtie panya kwenye mfuko wa plastiki, uchovye kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa mkono, dakika kumi au kumi na tano, mpaka ukimgusa tumbo hakuna ubaridi wa ndani. Mkaushe kwa karatasi, mpe nyoka papo hapo kwa koleo. Asipomla kwa saa mbili, mtoe umtupe, usimrudishe kwenye friza. Maji uliyotumia yamwage chooni, mbali na sinki la vyombo, na osha mikono kwa sabuni hadi kwenye kiwiko kabla hujashika simu.